Ufunguo wa Agrippa hauuzwi: jibu kwa msomaji aliyekwama katika vitabu vya uganga wa Ulaya

Msomaji mmoja wa Tanga ameniuliza swali ambalo, nikilifupisha, linasema hivi: ana umri wa miaka 26, Kiingereza anakisoma bila taabu, alisoma madrasa hadi alipobaleghe, na kwa mwaka mzima sasa amekuwa akijaribu kuvisoma vitabu vya uganga wa ibada wa Ulaya. Alianza na Ufunguo wa Suleimani, kitabu cha maelekezo ya kuita pepo, akahamia kwenye vitabu vitatu vya falsafa ya siri vya Agrippa, mwanazuoni wa Kijerumani wa karne ya 16, kisha akaingia katika mkusanyo mnene wa mafunzo ya Golden Dawn, chama cha siri cha uganga cha Uingereza, na kila mara hufika ukurasa wa thelathini au wa arubaini akapotea. Anataka kujua kama kasoro iko katika akili yake, kama vitabu hivi havifunguki mpaka mtu apewe idhini na mwalimu, na kama ni busara kumlipa mtu fulani aliyemwahidi kumuuzia "ufunguo".

Ndugu yangu, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka: fedha zako zibaki mfukoni. Agrippa mwenyewe alikwisha kulizungumzia jambo hilo alipokuwa hai. Mwaka 1527 alimwandikia mtawa mmoja kwamba ufunguo wa falsafa hii ni ufahamu, na kwamba roho inayotenda yale maajabu haikai kuzimu wala katika nyota, bali imo ndani yetu. Ni kweli kwamba aliandika pia juu ya ufunguo anaowawekea marafiki zake wa karibu tu, na maneno hayo yamewatajirisha wauzaji wengi tangu wakati wake. Lakini huyo anayekutaka ulipe hakuwa miongoni mwa marafiki hao.

Neno "uchawi" silitumii hapa, kwa maana katika Kiswahili mchawi ni mtu wa kudhuru, na sijamwona anayejiita hivyo kwa fahari. Alichokusudia Agrippa kiko karibu zaidi na kile ambacho watu wa pwani wanakiita uganga wa kitabu, yaani elimu ya majina, namba, nyota na buhuri ambayo mtu huipata kwa kusoma. Sehemu ya tatu ya kitabu chake, inayohusu sala, majina matakatifu na malaika, ndiyo aliyoiita ya ibada, na ndiyo iliyolipa jina tawi zima. Kama kuyatenda hayo ni halali au haramu kwako, hilo mpelekee sheikh au padri wako. Mimi nimeulizwa habari ya kusoma, na kusoma ndiko nitakakojibu.

Sasa, kwa nini unapotea? Kosa lako ni kudhani kwamba ugumu wa vitabu hivi ni wa aina moja. Unapofika mahali pasipoeleweka unasema "hapa pana siri", unafunga kitabu, unakwenda kumtafuta mwenye siri. Mara nyingi hapana siri yoyote hapo. Pana elimu ya kawaida ambayo msomaji wa zamani alikuwa nayo na wewe huna, au mwandishi amelitawanya jambo moja katika sehemu tatu, au mchapaji amekosea, au (mara chache, lakini hutokea) yaliyoandikwa ni mwandiko wa mafumbo usiohusiana na pepo hata kidogo. Kila ugumu una dawa yake, na dawa ya huu haimponyi mgonjwa wa ule.

Chukua huo wa mwisho, kwa sababu mfano wake ni mzuri mno kuuacha. Abati Trithemius, mkuu wa monasteri ya Kijerumani, ambaye Agrippa alimpelekea nakala ya kwanza ya kitabu chake mwaka 1510, alikuwa ameandika takriban mwaka 1499 kitabu kilichojaa majina ya pepo na maneno ya kuwaita, pamoja na pande za dunia wanazotawala. Kilipochapwa Frankfurt mwaka 1606, mwandishi alikuwa amekwisha kufa miaka 90 nyuma; na mwaka 1609 Kanisa Katoliki likakitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwito wa pepo aitwaye Padiel unaanza hivi: Padiel aporsy mesarpon omeuas peludyn malpreaxo. Anayeanza atayakariri maneno haya kama wazifa. Lakini ruka neno la kwanza uchukue la pili, na ndani yake uruke herufi ya kwanza uchukue ya pili, uruke ya tatu uchukue ya nne, na kuendelea: aporsy inakupa p, r, y. Ruka neno la tatu. La nne, omeuas, linakupa m, u, s. Ruka la tano. La sita, malpreaxo, linakupa a, p, e, x. Ukiyaunganisha unapata "prymus apex", ambayo ni Kilatini cha "ncha ya kwanza". Kitabu hicho ni cha kufundisha kuandika barua za siri, na sehemu yake ya tatu, ambayo kwa karne nyingi ilidhaniwa kuwa ya pepo kweli, ilifumbuliwa katika miaka ya 1990 na watafiti wawili, kila mmoja akifanya kazi peke yake. Aliyekuwa akikesha usiku wa manane akimwita Padiel alikuwa akiusomea ukuta wake maelekezo ya kufungua barua.

Sisemi kwamba Agrippa naye ni hivyo. Agrippa anakusudia anachokisema. Lakini mfano huo ukuzoeshe kuuliza, kabla ya kutetemeka, haya maneno mbele yangu ni kitu gani.

Ugumu unaokusumbua wewe zaidi, kwa jinsi ulivyonieleza, ni ule wa kwanza, wa elimu ya kawaida iliyokosekana. Agrippa alizaliwa mwaka 1486 Cologne, na kitabu alikiandika kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 23, akikiandikia watu waliokwisha kufundishwa shuleni kwamba kila kitu kimeumbwa kwa moto, hewa, maji na udongo, kwamba moto ni joto na ukavu na maji ni baridi na unyevu, na kwamba sayari ni saba, kila moja ikiwa na madini yake, siku yake na tabia yake. Hafafanui hayo kama vile mimi nisivyokufafanulia Jumatatu ni nini. Msomaji wa leo wa London anaanzia sifuri. Wewe huanzii sifuri, na hili nashangaa kwamba hukulitaja katika barua yako: umekulia mahali ambapo watu huulizana nyota, wanaijua Zuhura na Mirihi kwa majina, na mzee wa falaki mtaani anazitaja buruji kumi na mbili kwa vidole. Elimu hiyo na ya Agrippa zimechota kisima kimoja. Kitabu cha Kiarabu cha talasimu ambacho Ulaya ilikiita Picatrix kilifasiriwa Hispania kwa amri ya mfalme Alfonso wa Kumi katikati ya karne ya 13, na Agrippa alikisoma.

Ukifika sura ya 33 ya kitabu chake cha pili utakutana na vituo 28 vya Mwezi, na majina yake yatakutisha kwa ugeni. Cha tatu, kwa mfano, kinaitwa Athoray. Lisome kwa sauti. Ni Thuraya iliyopita katika midomo ya Kilatini, na Thuraya ni Kilimia, kile kile ambacho wakulima wetu wanasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Cha nne, Aldebaram, ni Dabarani, nyota ifuatayo Kilimia. Nusu ya ugeni wa kitabu hiki ni Kiarabu kilichovunjika, na madrasa yako imekupa nyundo ya kukinyoosha.

Nataka sasa tukae juu ya ukurasa mmoja tu, ule wa sura ya 22 ya kitabu hicho cha pili, kwa sababu hapo utaona namna ninavyotaka usome. Agrippa anatoa majedwali saba ya namba, moja kwa kila sayari. La kwanza ni la Zohali:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Jumlisha mstari wowote, safu yoyote, au mshazari wowote: ni 15. Jumla ya namba zote ni 45. Chini ya jedwali Agrippa anaorodhesha majina yanayolingana na namba hizo, na miongoni mwake yamo Agiel, ambaye anamwita akili (yaani roho njema) ya Zohali, na Zazel, ambaye anamwita pepo wake. Hapa ndipo wanaoanza wengi hugawanyika makundi mawili: wapo wanaofunga kitabu kwa hofu, na wapo wanaokimbilia kumwita Zazel. Wote hawajasoma. Andika Agiel kwa herufi zile zile ulizofundishwa katika abjadi, ile hesabu ambayo kila herufi ina namba yake: alifu 1, jimu 3 (Kiebrania hutamka g), ya 10, alifu 1, lamu 30. Jumla ni 45. Andika Zazel: ze 7, alifu 1, ze 7, lamu 30. Jumla ni 45. Jina ni namba ya jedwali iliyovikwa herufi. Sasa unaelewa limetoka wapi na kwa nini limewekwa hapo, na ufahamu huo umeupata bila ada, kwa kalamu na kipande cha karatasi. Ukipenda, endelea: katika abjadi Adamu ni 45 na Hawa ni 15, jambo ambalo wanazuoni wa herufi katika Uislamu walilifurahia sana.

Tazama pia pembe nne za jedwali: 4, 2, 8, 6. Ukizipanga kwa mfuatano wake ni 2, 4, 6, 8, na kwa herufi ni be, dali, wau, ha, yaani Buduh, neno ambalo bila shaka umeliona katika hirizi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analitaja jedwali hili katika maelezo ya maisha yake kama kitu kilichojaribiwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu mgumu wa kuzaa: huandikwa juu ya vitambaa viwili visivyoguswa na maji, naye huvitazama kisha huviweka chini ya miguu. Rudi kwa Agrippa, zaidi ya miaka 400 baadaye, usome jedwali la Zohali likichorwa juu ya bamba la risasi linafanya nini. Jambo la kwanza analolitaja ni kusaidia uzazi.

Na hapo kuna neno dogo ambalo wasomaji hulipita mbio. Agrippa anasema "wanasema". Wanasema kwamba jedwali hili, Zohali akiwa katika hali njema, husaidia uzazi. Hasemi "nimeona" wala "nimejaribu". Kitabu chake kwa sehemu kubwa ni mkusanyo wa yale waliyosema Plinio na Ptolemaio, waandishi wa kale wa Roma na Misri, Waarabu, Wayahudi na wengine, na mtu asiyetenganisha "wanasema" na "najua" atakichukua kila kisa cha Plinio kama amri ya kutekelezwa. Katika daftari lako, kila dai liandikie pembeni ni la nani. Mimi nilipoanza sikufanya hivyo, na daftari langu la kwanza halina thamani yoyote leo.

Nilijifunza jambo jingine katika daftari hilo hilo. Nilinakili jedwali la Mirihi, lile la tano kwa tano, kutoka chapa moja ya bei nafuu, na mistari miwili haikutoa 65 inavyopaswa. Kwa wiki kadhaa niliamini kwamba mwandishi ameficha jambo katika tofauti hiyo, nikaandika kurasa za maelezo, tena ya kina. Kisha nikaona chapa nyingine: namba mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Ndiyo siri yote. Tangu hapo sijengi juu ya ajabu yoyote mpaka niwe nimeiona katika chapa mbili zisizotokana. Kwa Agrippa wa Kiingereza ziko tatu unazoweza kuzilinganisha: tafsiri ya zamani ya London ya mwaka 1651, toleo la Donald Tyson la mwaka 1993 ambalo limeirudia tafsiri hiyo na kuisahihisha kwa maelezo mengi, na tafsiri mpya ya Eric Purdue kutoka Kilatini ya mwaka 2021. Kama uwezo ni wa kununua moja, nunua la Tyson kwa ajili ya maelezo yake, ingawa hayaaminiki yote.

Makosa ya kunakili si mambo ya namba peke yake. Kitabu cha Abramelini, cha kumtafuta malaika mlinzi kwa sala ndefu, ambacho najua utakitamani kwa kuwa kila mtu hukitamani, kilifasiriwa na Mathers, mmoja wa waanzilishi wa Golden Dawn, mwaka 1898 kutoka mswada wa Kifaransa wa Paris. Mswada huo unasema mtu ajitenge na kusali kwa miezi sita. Miswada ya Kijerumani inasema miezi 18. Mafuta ya kupaka katika mswada wa Kifaransa yana khulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi, mahali ambapo palipaswa kuwa na kane, ile ya mafuta matakatifu katika Kutoka sura ya 30. Watu wametia mzizi huo mwilini kwa zaidi ya karne, wakitafuta maana ya kiroho ya ukali wake, kwa sababu ya mnakili mmoja. Na vitabu vyenyewe huzuliwa: kile kiitwacho kitabu cha nne cha Agrippa kilitokea mwaka 1559, zaidi ya miaka 20 baada ya kufa kwake, na mwanafunzi wake Johann Weyer alikikana waziwazi. Ndivyo ilivyo hata kwa Shamsul Maarif, kitabu cha Kiarabu cha uganga wa herufi kinachonasibishwa na al-Buni, inayouzwa kwetu: lile toleo kubwa limekusanywa karne nyingi baada ya al-Buni, na kumlaumu au kumsifu yeye kwa kila kilichomo si haki.

Ule ugumu wa makusudi upo, nao nisiuruke. Trithemius alimshauri Agrippa mambo ya kawaida awaambie watu wote na yaliyo juu awaambie wateule. Ng'ombe apewe majani, kasuku apewe sukari. Agrippa akatii kwa namna yake, na katika sura ya mwisho ya kitabu cha tatu anakiri kwamba mengine ameyatoa kwa mpango, mengine bila mpango, mengine vipande vipande, ili mwenye bidii ayakusanye. Huu ndio ugumu ulio rahisi kuliko yote, kwa sababu mwenyewe amekuambia dawa: kusanya. Tenga kurasa za daftari kwa kila sayari. Mawe, miti na wanyama wa Zohali utawapata katika kitabu cha kwanza. Jedwali, picha na saa zake katika cha pili. Majina na malaika katika cha tatu. Ukimaliza, ukurasa wako wa Zohali utakuwa umekamilika kuliko ukurasa wowote wa Agrippa.

Kwa hiyo weka Ufunguo wa Suleimani kando kwa sasa. Ulioushika ni kazi ya Mathers ya mwaka 1889, aliyoiunga kutoka miswada kadhaa ya British Museum isiyokubaliana, na ni kitabu cha mapishi kwa mtu anayejua tayari kupika. Mafunzo ya Golden Dawn nayo yaache, isipokuwa somo la kwanza tu, ambalo ningetaka ulitazame kwa sababu litakutuliza: chama hicho kilianzishwa London mwaka 1888, kilikuwa na hekalu, walimu, mavazi na viapo, na mtu aliyekwisha kuingizwa kwa sherehe zote hizo alipewa nini cha kujifunza? Elementi nne, buruji, sayari na herufi 22 za Kiebrania. Alifu kwa kijiti. Hizo herufi 22 wewe utazimaliza kwa wiki moja, maana mpangilio wake ni ule wa abjadi uliyonayo, na hadi mia nne thamani ni zile zile. Kilatini si lazima mwanzoni.

Soma sura moja kwa siku, usizidishe. Kitabu cha kwanza kina sura 74 fupi, kwa hiyo katika miezi mitatu utakuwa umekimaliza hata ukipumzika Ijumaa. Wala usichanganye kusoma na kutenda katika muda huo. Siogopi kwamba Zazel atakujia. Naogopa jiko la mkaa. Buhuri ya Zohali katika sura ya 44 ina mbegu za mmea wa sumu uitwao henbane na mzizi wa mandragora, na moshi wake katika chumba kilichofungwa unaweza kukutoa akili au uhai. Risasi na zebaki nazo ni sumu, hata zikiitwa kwa majina ya sayari. Kuhusu mwalimu, ukimpata mtu anayesoma pamoja nawe na kukukosoa, mshike. Mzee wa falaki hapo Tanga atakufaa kwa mwaka wa kwanza kuliko bingwa wa mbali asiyeijua abjadi.

Kesho fungua tena sura ya 22 na utazame jedwali la Mushtari, nne kwa nne. Kila mstari utoe 34 na jumla yake yote iwe 136. Kisha uandike jina la akili yake, Johphiel, kwa herufi ya, he, fe, ya, alifu, lamu, ujumlishe. Halafu nenda kwenye jedwali la Jua, sita kwa sita, ambalo jumla yake ni 666, namba ambayo najua itakushtua. Kabla hujashtuka, jumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 36. Ukishafanya hivyo niandikie, na uniambie ni jina gani katika majedwali manne yaliyobaki limekataa kulingana na namba yake. Linalokataa ndilo tutakaloanza nalo.